Kishikwambi Kisichoisha Chaji

Nchi hii ina visingizio viwili vilivyookoa watu wengi kuliko zahanati: "chaji imeisha" na "mtandao hakuna." Mtu akichoka na ndugu zake hutamka kimojawapo, na hakuna wa kumbishia. Mimi nilivipoteza vyote viwili siku moja, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa barazani kwa shangazi yangu kule Rutamba na sahani ya mihogo mapajani.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, Lindi mjini, katika umri ambao wenzangu wanasomesha watoto. Mchana niliuza vipuri vya pikipiki, jioni nikakalia dawati lililochongwa kwa ajili ya mtoto wa miaka saba, magoti yakigusa masikio. Nilifaulu. Mtu akiniuliza nilifaulu vipi, huwa namwambia tu kwamba mkoa mzima ulitikisika. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amepata uhamisho na hakutaka kusafiri na mizigo mingi, akaniachia kishikwambi chake kwa bei ya kindugu.

Kilikuwa kioo cha ukubwa wa sinia dogo, na kibodi yake inachomoka. Ukiviunganisha unapata kompyuta ya kuweka mezani na kuandika barua; ukichomoa, unabaki na kioo kitupu cha kushika mkononi kama mgeni rasmi anayesoma hotuba. Vinashikana kwa sumaku, na vinapoachana vinatoa mlio mdogo ambao mimi niliupenda mno. Ndani, mwalimu aliniambia, kuna prosesa inayokula umeme kidogo kuliko mbu anavyokula damu. Hakina feni, hakipati joto, na ukikichaji leo, kesho kutwa bado kina nguvu za kukudharau. Tena akili mnemba yake imepakiwa humohumo: unakiuliza kwa Kiswahili, kinakujibu kwa Kiswahili hata ukiwa chini ya kisima.

Hayo yote niliyasema pale barazani, kisha nikaongeza ya kwangu.

"Chaji yake," nikasema, "mwalimu alikichaji mara moja tu, mwaka ule alioajiriwa."

"Wacha wee!" akasema jirani wa shangazi, ambaye ni mtani wetu wa ukoo na ana ruhusa ya kunitukana mpaka kiama. "Na mtandao je? Hapa kwetu mtandao unapatikana juu ya mti tu."

"Hakihitaji. Akili iko ndani. Na hakikosei."

Hilo la mwisho sijui lilitoka wapi. Mwalimu hakuwahi kulisema. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na watu walikuwa wamekwisha kulisikia.

Nilikwenda kwa siku tatu. Nilitaka kumwonyesha shangazi cheti changu, kwa sababu yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kisha nirudi Lindi kutafuta kazi ya kukaa kwenye kiti. Shangazi alikitazama cheti, akakirudisha kwenye bahasha, akakitazama kishikwambi.

"Baba," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake. "Kinajua mikorosho?"

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hawakujaliwa mtoto. Shamba la mikorosho lililobaki lilitakiwa na mdogo wa marehemu, mwanamume mmoja mpana anayeuza samaki Kiswere, ambaye alisema wazi kwamba mwanamke peke yake hawezi kuhangaika na salfa. Mbele ya shehe na mwenyekiti wa kitongoji wakakubaliana hivi: shangazi atalitunza msimu mmoja. Maua yakishika, shamba libaki mikononi mwake. Yakiungua, shemeji yake ataliingia. Hakukuwa na karatasi, lakini neno lililosemwa mbele ya wale wawili ni zito kuliko karatasi.

Asiyejua korosho nimweleze kidogo. Mkorosho unapotoa maua, kiangazi kikianza, unavamiwa na ugonjwa unaoitwa ubwiriunga. Maua yanapakwa unga mweupe kama andazi, yanakauka, na habari ya korosho inaishia hapo. Dawa yake ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, kila baada ya wiki mbili hivi. Wote Rutamba hupuliza alfajiri. Tatizo la shangazi lilikuwa mashine. Alikuwa hana yake, alikuwa akikodi, na kila alfajiri ya msimu mashine zote zina wenyewe. Mjane anakuwa wa mwisho kwenye foleni. Zamu yake ikifika, jua limekwisha kuwa juu ya paa.

"Kiulize," akasema. "Ni lazima iwe alfajiri?"

Watu walikuwa wamejaa barazani. Nikisema walikuwa mia tano mtanisuta, basi walikuwa kumi na wawili, lakini walivyokuwa wakihema ni kama mia tano. Nikaketi sawasawa, nikaandika swali: dawa ya ukungu wa mikorosho inafaa kupulizwa saa ngapi? Kishikwambi kikafikiri kwa muda wa kumeza mate, maandishi yakaanza kushuka. Sentensi ya kwanza ilisema ni vizuri kupulizia majani yakiwa makavu, baada ya umande kukauka, ili dawa isioshwe.

Sikungoja ya pili. Nikakichomoa kioo kwenye kibodi, nikasimama, nikakiinua juu kama kombe, nikawasomea. Shangazi alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Kilwa.

"Kwa hiyo saa nne asubuhi sawa?" akauliza.

"Saa nne ndiyo yenyewe!"

Mtani akatikisa kichwa. "Babu zetu wote waliamka bure, kumbe."

"Walikuwa hawana prosesa," nikamjibu, na baraza zima likacheka.

Kesho yake saa nne mashine ilikuwa inapatikana bila foleni. Kijana aliyekodishwa nayo akapita chini ya mikorosho, upepo wa asubuhi ukiwa umekwisha kuamka. Ule unga wa manjano ulipanda, ukageuka, ukaondoka zake. Uliingia kwenye nywele zetu, kwenye sufuria ya maharage, kwenye pua ya mbuzi wa mtani. Mbuzi yule alipiga chafya mfululizo mpaka nikamwonea huruma.

"Mbuzi wangu hatapata ubwiriunga mwaka huu!" mtani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua.

Tulicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu nilifunga begi. Shangazi akasimama mlangoni na kibodi yangu mkononi, ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Hiki kipande kinachochomoka kinabaki kwangu," akasema. "Wewe nenda na kioo ukitaka."

"Shangazi, nitaandikaje barua za kazi kwa kudonoa kioo na kidole kimoja?"

"Ndiyo maana nimekichukua hicho. Maua yakishika nitakupa. Siwezi kubaki peke yangu na mambo haya, baba, na mtu mwenye akili amepanda gari."

Akaiweka ndani ya sanduku lake la chuma, chini ya sanda aliyojinunulia mwenyewe na cheti cha ndoa, akageuza ufunguo. Mwanamume mzima, mhitimu, nikabaki nimeshikilia nusu ya kompyuta.

Kuanzia hapo nikawa mfungwa wa baraza. Walikuja asubuhi, walikuja baada ya adhuhuri, walikuja alasiri. Mmoja alitaka kujua kwa nini kuku wake wanataga nje. Mwingine alitaka aandikiwe barua kwa binti aliyemkataa mara nne. Bibi mmoja alikisemesha kwa Kimwera kwa muda mrefu sana, na chenyewe kikamjibu kwa adabu kubwa kuhusu jambo lingine kabisa. Alikiombea dua, akaenda zake ameridhika. Nikijaribu kusema nimechoka, wanasema asiyechoka ni mashine. Nikisema chaji, na shangazi anakichomeka kwenye sola kila siku ya pili, wanaangalia pembeni ya kioo, wanaona bado imejaa zaidi ya nusu, wananiangalia mimi. Nilianza kukichukia kwa jinsi kilivyokuwa hakifi. Kuna siku nilikiwashia kila kitu, mwanga mpaka mwisho, video inajicheza peke yake, nikakiacha juani nikaenda kuoga. Niliporudi kilikuwa cha uvuguvugu kidogo, kimetulia, kimepungukiwa na kiasi cha kijiko.

Wiki mbili zikapita. Tukapuliza tena, saa nne, na upepo ukachukua tena fungu lake.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka upande wa pili wa kijiji. Alikuwa amesikia habari ya saa nne, akataka na yeye asomewe maneno yaleyale, kwa sababu kuamka alfajiri kulikuwa kunamsumbua kifua. Nikamwambia hakuna shida. Nikalitafuta lile jibu la siku ile, likaja, nikaanza kumsomea. Safari hii hapakuwa na umati, wala kigelegele, kwa hiyo nikaendelea kusoma. Sentensi ya pili. Ya tatu. Mwisho kabisa yalikuwepo maneno haya: "Ushauri huu ni kwa dawa ya maji. Kama unatumia salfa ya unga, pulizia alfajiri wakati kuna umande na upepo umetulia, ili unga ushike kwenye maua. Niambie unatumia dawa ya aina gani."

Nikakilaza kioo mapajani.

"Kimesemaje?" akauliza yule mzee.

"Kimesema wewe endelea kuamka alfajiri, mzee wangu."

"Na shangazi yako?"

Nilimsindikiza mpaka njiani, kisha nikaenda moja kwa moja shambani. Kwa mtani, ng'ambo ya ua, maua yalikuwa mekundu, mengine yamekwisha kushika vikorosho vidogo vya kijani, vimekunjamana kama ngumi za vichanga. Kwetu, upande wa bondeni, nilivuta tawi, nikalipitishia kidole. Kidole kikatoka cheupe. Nikavuta jingine. Nikatembea mti hadi mti nikitarajia wa mbele utakuwa afadhali, mpaka miti ya bondeni ikaisha. Upande wa juu tu, kwenye mikorosho inayochelewa, maua yalikuwa bado yamefumba.

Siku nne nilibeba jambo hilo. Napenda kusema nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, lakini kweli ni kwamba nilikuwa natafuta namna ya kutomwambia. Niliwaza kusema kifaa kimeharibika. Niliwaza kusema ni ugonjwa mpya kutoka nje. Niliwaza hata kutoroka na kioo tu, nikaanze maisha Lindi kama mtu aliyezaliwa bila kibodi. Lakini kila asubuhi shangazi alinipakulia uji kwanza kabla ya kujipakulia mwenyewe, na kila aliyepita njiani alimwambia, "Mtoto wa kaka yako ni hazina." Naye alijibu, "Alhamdulillahi." Na habari ikaja kwamba shemeji yake atafika Ijumaa baada ya sala, pamoja na shehe na mwenyekiti, kuangalia maua.

Jumatatu jioni nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nikaketi juu ya kinu.

"Shangazi, nimekuharibia shamba."

Ungo haukusimama. "Umefanya nini?"

Nikamsomea jibu lote, mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba siku ile sikusoma mpaka mwisho. Kwamba kilikuwa kimeniuliza dawa ni ya aina gani, na mimi nilikuwa nimesimama, nimekiinua juu, nashangiliwa.

Hapo ungo ukasimama.

"Kwa hiyo kilisema kweli."

"Kilisema kweli."

"Mwongo ni wewe."

"Ni mimi, shangazi."

Alinitazama muda ambao kwa hesabu zangu ulikuwa miaka sita. Kisha akainuka, akaingia chumbani, nikasikia ufunguo kwenye sanduku. Akatoka na kibodi, akaniwekea mapajani pamoja na kanga yake.

"Gari la Lindi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nenda."

Ningekuwa nimefurahi wiki moja kabla. Sasa nilikaa pale juu ya kinu nimeshika mlango wa gereza uliofunguliwa, na miguu imekataa. Kwenda nitakwenda wapi? Ningeuza vipuri vya pikipiki Lindi hali namjua mwanamke anayefukuzwa shambani kwa ajili ya mdomo wangu?

"Ile ya juu haijafunua," nikasema. "Tukipuliza alfajiri kuanzia kesho..."

"Kwa mashine ya nani? Mashine zote zina wenyewe."

Nikatamani kukiuliza kioo. Sikukigusa. Yeye akarudi kwenye ungo, akapepeta kidogo, akaacha tena.

"Zamani kabla ya mashine," akasema polepole, kama anayejisemea, "baba yako alikuwa anafunga unga kwenye soksi."

Kesho yake tulikuwa shambani kabla ya adhana. Nilitoa soksi zangu za shule, zile nyeupe nilizovaa siku ya mahafali, tukazijaza salfa, tukazifunga kwenye ncha za mianzi. Shangazi upande huu wa mti, mimi upande ule, tunainua mwanzi kati ya matawi na kuugonga taratibu. Unga ukashuka kama ukungu, ukakaa juu ya umande, ukabaki pale. Haukwenda popote. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kinachotulia namna ile. Mabega yaliniuma mpaka nikaamini yamehama. Siku ya pili mtani alikuja na mwanzi wake bila kuitwa.

"Mbuzi wangu amenituma," akasema. "Anasema afadhali nije nigonge mimi kuliko apigwe na salfa yenu tena."

Tukafanya alfajiri tatu. Alhamisi tulimaliza mti wa mwisho wa juu.

Ijumaa wakaja, wanaume watatu na kanzu zao za msikitini. Nikawaamkia: "Shikamooni." "Marahaba," wakajibu shehe na mwenyekiti, yule wa Kiswere aliitikia akiwa tayari anaangalia miti. Alianzia bondeni. Alivunja kitawi kimoja, akakipuliza kwa mdomo, kikafuka unga mweupe. Hakutabasamu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angetabasamu.

"Shemeji," akamwambia shangazi, "niliyasema."

Shangazi alifungua mdomo. Nikawahi.

"Mzee, kosa si lake. Yeye alitaka alfajiri kama watu wote. Mimi ndiye niliyesema saa nne. Nilisoma nusu ya jibu nikajitapa."

"Jibu la nani?"

"La hiki."

Akakichukua kioo, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, kama anayekagua samaki asije akawa ameoza. "Hiki ndicho kisichokosea?"

"Hakikukosea. Nilikosea mimi."

"Haya. Kiulize basi." Akanirudishia. "Kiulize shamba hili ni la nani."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye ua, walewale wa barazani. Wote wakaniangalia. Kilikuwa na chaji. Kingejibu, najua kingejibu, vizuri tena kwa heshima, kwa mafungu matatu na hitimisho.

"Hakijui, mzee," nikasema. "Na mimi sijui."

Mtani alikohoa. Shehe akasema twende tuone na upande wa juu. Wakapanda, sisi nyuma. Kule matawi yalikuwa ya manjano, maua mawili matatu yamefunua na yana wekundu wake safi. Mwenyekiti akapitisha kidole, kikatoka cha manjano. Wakasogea pembeni wakasemezana. Shangazi alibaki amesimama kati ya miti yake, mikono nyuma, na mimi nikamwona ghafla jinsi alivyo mfupi.

Shehe ndiye aliyetamka. Bondeni shemeji ataingia, kwa sababu neno lilikuwa hivyo na maua yameungua. Juu patabaki kwa mjane mpaka mavuno, na mavuno yakipatikana patabaki kwake moja kwa moja.

"Na nani atagonga hiyo mianzi wiki baada ya wiki?" akauliza yule wa Kiswere. "Yeye peke yake?"

Shangazi hakunitazama. "Yupo huyu."

"Huyu si anakwenda mjini kukaa kwenye kiti?"

"Haendi popote," akasema shangazi.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nusu ya shamba la mwanamke aliyenilea ilikuwa imeondoka kwa sentensi moja niliyoisoma nimesimama, na nusu iliyobaki ilikuwa inaning'inia kwenye mabega yangu kwa miezi mitatu au zaidi. Wageni walipoondoka, shangazi alisimama mpakani, pale bondeni panapoanza kupanda, akaweka jiwe. Akaweka la pili. Nikamsogezea mengine. Tukayapanga hivyo mpaka mstari ukafika kwenye ua wa mtani. Kisha akapangusa mikono kwenye kanga, akautazama mkorosho mrefu kuliko yote wa juu, ambao mwanzi wetu haukufika kileleni.

"Huu kesho," akasema, "utaupanda wewe."